Dawa Isitengane na Mwenyewe

Zamani, wakati safari zilipokuwa za miguu, msafiri mwenye akili aliweza kumkabidhi mpagazi hema lake, kitanda chake na hata sanduku la nguo zake, lakini kibuyu cha maji alikifunga kiunoni mwake mwenyewe. Hakufanya hivyo kwa kuwa kibuyu kilikuwa na thamani kuliko hema. Kwa bei ya sokoni hema moja lilishinda vibuyu mia. Alifanya hivyo kwa sababu alijua tofauti iliyopo baina ya kitu cha thamani na kitu cha lazima. Mpagazi akipotea na hema, msafiri hulala nje. Mpagazi akipotea na maji, msafiri haamki.

Leo twasafiri kwa ndege. Umbali uliomchukua babu miezi, mjukuu huumaliza kabla chai haijapoa. Walakini, katika jambo hili la kuchagua kitu cha kumkabidhi mpagazi na kitu cha kufunga kiunoni, babu alitushinda. Tumevuka mawingu, lakini busara ya watu waliokwenda kwa miguu tumeiacha chini.

Nasema waziwazi tangu mwanzo, ili msomaji asinitafute katika maneno mengi: dawa ambayo mtu hawezi kukaa bila yake haina mahali pengine katika safari ya ndege isipokuwa mkononi mwa mwenyewe. Kuitia katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege si kosa dogo la kupanga mizigo. Ni uzembe juu ya uhai, na uzembe huu umeenea kwa wasomi na wasiosoma, kwa matajiri na maskini, kwa watu wazima na vijana.

Nenda ukasimame saa moja katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, au ule wa Moi, Mombasa, uwatazame wanaosafiri. Utaona jamaa wamemzunguka mama anayekwenda kumzuru bintiye ng'ambo. Sanduku lake limepimwa, likafunguliwa, likapunguzwa, likapimwa tena. Mkoba wake wa mkononi umejaa hata hauwezi kufungwa: ndani yake mna majani ya chai, unga wa wimbi, korosho, vikuku vya dhahabu, na viatu vipya vya mjukuu ambavyo haviwezi kukubaliwa viibiwe. Uliza sasa, dawa yake ya shinikizo la damu iko wapi? Wote watakujibu kwa furaha kuwa imo ndani ya sanduku kubwa, chini kabisa, imezungushiwa kanga tatu isivunjike. Watu hawa wanampenda mama yao, na hilo halina shaka. Lakini wameilinda dawa na kuvunjika, hawakuilinda na kupotea. Viatu vimepewa kiti cha heshima, na dawa imepewa safari ya giza.

Katika kulaumu wengine nina deni la kukiri kosa langu. Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa walimu watatu waliowaongoza wanafunzi kwenda katika tamasha la muziki huko Ulaya. Kabla ya kuondoka tulihesabu kila kitu. Tulihesabu ngoma na njuga, tukahesabu mavazi, tukahesabu pasipoti mara tatu. Hatukuhesabu dawa. Katika kundi letu alikuwamo kijana wa miaka 16 mwenye kisukari, ambaye huishi kwa sindano nne za insulini kila siku. Jambo hilo tulilijua, maana barua ya daktari wake ilikuwa katika faili ya shule. Lakini kujua bila kukumbuka ni jamaa wa kutojua.

Kijana yule aliona haya. Hakutaka wenzake wamwone akitoa sindano mbele ya wakaguzi wa uwanja. Basi alizizamisha kalamu zake za insulini chini ya sanduku, baina ya soksi na sweta, na mkononi akabeba moja tu iliyobakiwa na dawa kidogo, akidhani itamfikisha. Ndege yetu ya kwanza ilichelewa. Mahali pa kubadili ndege tulikimbia, tukaiwahi ya pili mlango ukikaribia kufungwa. Sisi tulikuwa na miguu, masanduku hayana. Tulifika Jumamosi usiku na vitu tulivyovishika mikononi tu.

Kijana alimaliza ile kalamu usiku uleule, akanyamaza kwa haya. Kesho yake mchana alianza kutapika. Kinywa kilimkauka, akahema kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ikawa na harufu ya matunda yaliyoiva mno. Tulimkimbiza hospitali. Daktari wa zamu aliniuliza, "Dawa yake iko wapi?" Nikajibu, "Imo ndani ya sanduku." Akauliza tena, "Na sanduku liko wapi?" Sikuwa na jibu, na sina hata leo neno la kujitetea. Kijana alipona, Mungu ashukuriwe, lakini alilala hospitalini siku nne, na wenzake waliimba bila yake wimbo alioufanyia mazoezi mwaka mzima. Sanduku lilitufikia Jumanne. Tulilifungua, tukazikuta kalamu zote pale zilipowekwa, hata moja haikuvunjika. Dawa ilikuwa salama kabisa. Aliyekuwa hatarini ni mwenyewe.

Wako watu watakaopinga maneno yangu, na si haki kuwahukumu bila ya kuwasikiliza.

Wa kwanza husema kuwa mizigo haipotei siku hizi. Mitambo imekuwa hodari, na kila sanduku lina karatasi yenye namba yake. Ni kweli kuwa mambo yametengenea. Mwaka 2007 mizigo karibu 19 ilikosa njia kwa kila abiria 1,000. SITA, kampuni inayoyahudumia mashirika ya ndege kwa mitambo ya mawasiliano, ilihesabu kuwa mwaka 2024 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hata 6.3 kwa kila abiria 1,000. Hayo ni maendeleo. Lakini tufanye hesabu ya darasani. Ndege yenye abiria 300, kwa wastani huo, huwa na mizigo karibu miwili itakayochelewa, itakayoharibika, itakayoibwa au itakayopotea. Kwa dunia nzima hesabu ya mwaka ule ilipita mizigo milioni 33. Na hatari huzidi pale abiria anapobadili ndege njiani, jambo ambalo Wakenya wengi waendao Ulaya na Marekani hulifanya.

Tena mitambo ina siku zake za kushindwa. Tarehe 27 Machi 2008 jengo jipya la abiria, la tano, lilianza kazi katika uwanja wa Heathrow, London. Lilijengwa kwa mabilioni ya pauni, na mitambo yake ya mizigo ilisifiwa kabla haijatumika. Katika siku chache za mwanzo safari zipatazo 500 zilifutwa, na mizigo zaidi ya 20,000 ikatengana na wenyewe. Ikiwa hayo yaliweza kutokea katika mmoja wa viwanja vikubwa vya dunia, ni mtu gani awezaye kuapa kuwa hayatatokea katika safari yake?

Mpinzani huyo atajibu kuwa iliyo mingi ya mizigo hiyo huchelewa tu, haipotei kabisa. Nakubali. Lakini neno "tu" hapa ni neno katili. Kwa shati, kuchelewa si kupotea. Mwenyewe ataazima la ndugu yake. Kwa insulini, kuchelewa ni kupotea. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mmoja wa wanachama wake, humpa abiria haki ya kulihesabu sanduku lake kuwa limepotea ikiwa halikufika baada ya siku 21, naye hudai fidia. Ni sheria njema kwa nguo. Lakini mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, saa 24 zaweza kutosha kumtia katika hatari ya kufa. Mwenye kifafa akikatiza vidonge vyake ghafula, huenda akaanguka kabla hajafika nyumba anayokwenda. Fidia hulipa bei ya kitu. Haijapata kulipa pumzi.

Wa pili husema kuwa wakaguzi watamnyang'anya dawa akiichukua mkononi. Hofu hii ina asili yake. Mwezi wa Agosti 2006 polisi wa Uingereza walifichua njama ya kulipua ndege kwa majimaji yaliyofichwa katika chupa za vinywaji. Tangu wakati huo nchi nyingi zilikataza abiria kuingia na chupa ya majimaji inayozidi mililita 100, ijapokuwa viwanja kadha vyenye mitambo mipya vimeanza kulegeza amri hiyo. Watu wengi waliisikia nusu ya kwanza ya amri, wakaondoka kabla ya kusikia nusu ya pili. Nusu ya pili husema kuwa dawa ambayo abiria anaihitaji katika safari huruhusiwa hata ikizidi kipimo hicho, maadamu ataitoa, ataieleza kwa wakaguzi, na ataonyesha cheti cha daktari akitakiwa. Vidonge havikuguswa na amri ya majimaji kabisa. Sindano za mgonjwa wa kisukari huruhusiwa pia pamoja na dawa yake. Basi anayeificha dawa kwa kuogopa sheria anaikimbia sheria iliyokusudiwa kumlinda.

Wa tatu husema kuwa dawa ziko kila mahali. Ya hapa ikipotea, atanunua ya huko. Maneno haya hupendeza yakisemwa sebuleni. Mtu aliyefika mji mgeni usiku wa manane hana daktari amjuaye, huenda hana lugha, wala hana fedha nyingi. Katika nchi nyingi muuza dawa hatatoa insulini wala vidonge vya kifafa bila ya cheti cha daktari wa huko, na daktari huyo hutaka malipo kabla ya kukuona. Dawa ileile yaweza kuitwa jina jingine au kuwa na nguvu nyingine. Na haya ni baada ya kufika. Je, kabla ya kufika? Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka New York huchukua saa 14 au 15. Juu ya bahari ya Atlantiki hakuna duka la dawa. Liko sanduku la matibabu ndani ya ndege, lakini limewekwa kwa dharura, si kwa kumpa kila abiria dawa yake ya kila siku.

Tena yatupasa tukumbuke kuwa hewa ya ndani ya ndege si sawa na hewa ya pwani. Ndege ikiwa juu, hewa yake ya ndani huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400 hivi. Mtu wa Mombasa aliyeketi kitini mwake amepandishwa karibu na kimo cha Nyahururu, na hewa yenyewe ni kavu. Mwenye pumu akishikwa huko, inhela iliyo mfukoni ni rafiki. Iliyo ndani ya sanduku chini ya miguu yake, hata ikiwa mita tatu tu kutoka alipo, ni kama iliyosahauliwa nyumbani.

Kuna na hoja ya baridi na joto, ambayo wapinzani hawaifikirii. Nje ya ndege, penye kimo cha mita 10,000 na zaidi, baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Chumba cha mizigo hakiko wazi kwa baridi hiyo, lakini hakitunzwi kama chumba cha abiria, wala hali yake haifanani katika kila ndege. Na kabla ya kupakiwa sanduku huweza kukaa juani uwanjani muda mrefu. Insulini ikiganda barafu huharibika, na ubaya wake ni kuwa ikiyeyuka yaweza kuonekana kama nzima. Mgonjwa hujidunga kwa imani, na imani yake haimponyi.

Wa nne hasemi neno, maana hoja yake ni haya. Huyu ndiye ninayemhurumia kuliko wote, na ndiye ninayetaka kumpinga kuliko wote. Hutia dawa sandukuni ili jirani asijue kuwa yeye ana kisukari, au kifafa, au selimundu, au virusi vya ukimwi. Wahenga walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Napenda mwenye haya akumbuke kuwa kabla ya mwaka 1922 kisukari cha watoto kilikuwa hukumu ya kifo. Januari ya mwaka huo, katika mji wa Toronto, Kanada, insulini ilidungwa kwa mara ya kwanza katika mwili wa mgonjwa. Mgonjwa yule alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, umri wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Aliishi miaka 13 zaidi. Wazazi wa watoto wengine wa zama zake wangalitembea uchi sokoni ili kuipata chupa moja ya dawa ile. Kitu ambacho wengine walikililia bila ya kukipata, wewe wakionea haya ya nini?

Sasa yatupasa kuacha kubisha na kusema la kufanya. Msafiri achukue mkononi dawa ya siku zote za safari yake, na akiba ya siku kadha, maana ndege huchelewa kurudi kama inavyochelewa kwenda. Dawa ikae katika paketi yake ya asili yenye jina la mgonjwa, pamoja na barua ya daktari. Iwekwe katika mfuko mdogo wa peke yake, kwa sababu ndege ikijaa watumishi huweza kuuchukua hata mkoba wa mkononi mlangoni na kuupeleka chini. Wakati huo mfuko wa dawa hutolewa, ukabaki na mwenyewe. Wakiwa wasafiri wawili, mmoja abebe nusu ya dawa ya mwenziwe, ili mkoba mmoja ukiibwa usichukue yote. Na kabla ya safari aulize sheria za nchi anayoiendea. Vijana wetu wengi huenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Baadhi ya dawa za maumivu, kama zile zenye kodeini au tramadoli, hutakiwa kibali maalumu katika Falme za Kiarabu, na asiye nacho huweza kujikuta mbele ya polisi. Kubeba dawa mkononi si ruhusa ya kubeba kila dawa.

Nina neno pia kwa mashirika ya ndege. Mezani pa kupimia mizigo abiria huulizwa kama ana betri za akiba za lithiamu ndani ya sanduku, maana sheria hutaka betri hizo zichukuliwe mkononi. Swali hilo ni jema. Hulinda ndege na moto. Kwa nini lisifuatwe na la pili: "Je, una dawa ya lazima ndani ya sanduku?" Swali hilo halihitaji mtambo wala fedha, nalo lingewaokoa watu wengi na aibu, gharama na msiba. Wenye kuuliza juu ya betri na kunyamaza juu ya dawa wamekumbuka uhai wa ndege, wakausahau uhai wa abiria mmojammoja. Na walimu wenzangu, tunaohesabu jezi na ngoma, tuongeze mstari mmoja katika orodha zetu, tuuweke juu ya mistari mingine yote.

Lakini nimeandika hasa kwa ajili yenu, wanafunzi. Wengi wenu hamjapanda ndege bado, na mwaweza kudhani kuwa jambo hili ni la wakubwa. Sivyo. Katika nyumba nyingi ninyi ndio msomao tiketi ya bibi, ndio mjazao karatasi zake, ndio mfungao sanduku lake usiku wa kuamkia safari. Mkono utakaoitia dawa mahali pake huenda ukawa wenu. Atawaambia kuwa mkoba umejaa. Mwambieni kwa adabu, "Bibi, tutoe korosho." Atasema kuwa korosho ni zawadi ya wajukuu. Mjibuni kuwa wajukuu hawamngojei mleta korosho, wanamngoja bibi.

Msafiri wa zamani alikuwa hana ramani wala saa, lakini alijua la kumpa mpagazi na la kufunga kiunoni. Mpeni mpagazi wa leo nguo zenu, vitabu vyenu, hata dhahabu yenu mkitaka. Kibuyu kifungeni kiunoni.